Mwanangu yuko DISA, jeshini Marekani. Je, amekuwa shushushu?

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kijana wangu wa kwanza alishinda bahati nasibu ya grini kadi, akaenda Marekani, akajiunga na jeshi lao na baadaye akapata uraia wa huko. Alisomea kompyuta. Mwaka huu amehamishiwa Fort Meade, Maryland, kwenye shirika linaloitwa DISA. Tangu ahamie huko simpati mchana. Anasema simu haiingii kazini. Kabla ya hapo alinipigia akaniuliza majina kamili na tarehe za kuzaliwa za baba yake na wadogo zake, wanafanya kazi wapi, na kama kuna aliyeajiriwa serikalini. Mdogo wangu alitafuta Fort Meade kwenye intaneti, akaniambia huko ndiko wanakosikiliza simu za dunia nzima. Sasa barazani wananiambia mwanangu ni shushushu na simu zangu zote zinarekodiwa. Nikimuuliza anafanya kazi gani ananijibu, 'Mama, naangalia mitambo isizime.' Naomba kujua: hilo shirika ni la nini hasa? Wanatusikiliza? Anaweza kupelekwa vitani? Na mkataba wake ukiisha, nimshauri aache?"

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa usingizi uliokosa. Nimesoma barua yako mara mbili. Naona mitambo haikutishi. Unaogopa kwamba mwanao amefanywa jasusi na wewe hujui, na kwamba mahali alipoingia hatatoka salama. Nitayajibu yote mawili, ila nianzie kwenye jibu alilokupa mwenyewe. Nimefanya kazi ya mawasiliano ya jeshi miaka mingi, tangu enzi za simu ya upepo inayopigwa kwa betri la gari, na nakuhakikishia kwamba katika maneno yale matatu, "naangalia mitambo isizime", kijana amekueleza karibu kazi yote ya shirika lake. Hakukuficha kitu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa mahali. Fort Meade si ofisi moja. Ni kambi kubwa kama mji, yenye barabara zake, shule zake na mashirika mengi yasiyofanya kazi moja. Lile alilolisoma mdogo wako ni NSA, shirika la usalama wa taifa lililoundwa mwaka 1952, ambalo kweli kazi yake ni kunasa mawasiliano ya nchi nyingine. DISA, yaani Wakala wa Mifumo ya Habari ya Ulinzi, ilihamia pale mwaka 2011 ikitokea Arlington, Virginia, serikali ilipokuwa ikipanga upya kambi zake. Kambi ni moja, majengo mbalimbali, kazi mbalimbali. Aliyepanga chumba jirani na kituo cha polisi hawi polisi kwa ajili hiyo.

Tofauti yenyewe ni hii. NSA ni sikio. DISA ni barabara. Mashirika haya hushirikiana, hilo sikatai, lakini mtu anayetengeneza barabara haulizwi gari limebeba nini, anaulizwa kwa nini daraja limekatika. Wanajeshi na watumishi wa wizara ya ulinzi ya Marekani wametapakaa duniani, na kila siku wanahitaji simu, barua pepe, mikutano ya video, picha za setilaiti, orodha za vipuri, mishahara, rekodi za hospitali na amri za vita. Vyote hivyo vinapita kwenye nyaya, mikongo, setilaiti na vyumba vya seva ambavyo lazima kuwe na mtu wa kuvilipia, kuvilinda na kuamka usiku vinapozima. Mtu huyo ni DISA. Wafanyakazi wake wengi ni raia wa kawaida, si wanajeshi, na hata Ikulu ya Marekani hupata mawasiliano yake kutoka kwenye kitengo kilicho chini ya shirika hilo.

Utajiuliza kwa nini kazi ya mafundi ikaundiwa shirika zima. Nikueleze kwa hadithi mbili za pikipiki, maana ndizo ninazowapa vijana ninaowafundisha, na ya kwanza imetokea kwetu.

Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lakini jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, pamoja na askari na wapagazi wake Waafrika, lilikuwa limeingia Zambia ya leo na halikuwa na njia ya kupata habari. Liliendelea na vita. Siku mbili baada ya dunia kuweka silaha chini, lilikuwa Kasama. Habari ililifikia lilipomkamata tarishi wa Waingereza aliyekuwa juu ya pikipiki, akiwa na karatasi zinazosema vita vimekwisha. Jeshi hilo lilijisalimisha Abercorn, inayoitwa Mbala siku hizi, tarehe 25 Novemba. Katika wapagazi wale walikuwemo watu wa pwani yetu na wa bara, na kila siku amri ilipochelewa ilikuwa siku nyingine ya njaa, homa na mizigo ambayo haikuwa na maana tena.

Pikipiki ya pili ni ya Hawaii. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 mkuu wa jeshi la Marekani, Jenerali George Marshall, aliandika onyo la kupeleka kwa makamanda wa Pasifiki. Redio ya jeshi ilishindwa kushika Honolulu kwa sababu ya hali ya hewa, kwa hiyo ujumbe ukapelekwa kwa kampuni za kawaida za simu za maandishi. Ulifika Honolulu saa 1:33 asubuhi ya kule, tukihesabu saa kwa Kiswahili. Ndege za Japani zilianza kupiga Bandari ya Pearl saa 1:55. Zilikuwa zimebaki dakika 22. Lakini bahasha haikuwa na alama yoyote ya haraka, ikapangwa pamoja na telegramu nyingine, na kijana wa kampuni, mwenye asili ya Kijapani, akaipakia kwenye pikipiki yake na kukatiza katikati ya moshi na vizuizi vya barabarani. Akaifikisha makao ya jeshi kabla tu ya saa sita mchana. Ilipofumbuliwa na kufika mezani kwa kamanda ilikuwa karibu saa tisa.

Onyo lilikuwepo, limeandikwa vizuri, limetiwa saini. Likakosa njia, likakosa alama. Ndiyo maana tarehe 12 Mei 1960 Wamarekani waliunda Wakala wa Mawasiliano ya Ulinzi, ili njia za nchi kavu, za majini na za angani ziwe chini ya mkono mmoja badala ya kila jeshi kuwa na zake. Shirika hilo ndilo lililobadilishwa jina mwaka 1991 likawa DISA.

Mtandao wa simu uliowahudumia miaka ile uliitwa AUTOVON, na simu zake nyingine zilikuwa na kitu ambacho hutakiona kwenye simu yoyote ya nyumbani. Pembeni ya namba tatu-tatu tulizozoea palikuwa na safu ya nne, vitufe vinne vya uharaka, kuanzia P chini mpaka FO juu. Ukibonyeza kitufe cha juu na laini zote zimejaa, mtambo unakata maongezi ya mwenye uharaka mdogo na kukupa wewe nafasi yake. Kile cha FO kilikuwa cha rais na viongozi wachache wa juu kabisa. Kwangu mimi kile kitufe ni bahasha ya Honolulu iliyopata alama yake, miaka ishirini na zaidi baadaye.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Juni 1967, wakati wa vita vya Waisraeli na Waarabu, meli ya Marekani USS Liberty ilikuwa karibu na pwani ya Misri. Washington ilituma amri isogee mbali na pwani. Ujumbe ukapotea kwenye mfumo, mmoja ukapelekwa hadi Ufilipino, upande mwingine wa dunia, na meli haikuupata kwa wakati. Tarehe 8 Juni ndege na boti za Israeli ziliishambulia. Walikufa watu 34. Bunge la Marekani lilichunguza, na lilichokuta ni makosa ya kawaida kabisa ya karani na mtambo: anwani isiyo sahihi, foleni, kituo kimoja kudhani kituo kingine kimeshapeleka. Tena mwaka 1983, walipovamia kisiwa cha Grenada, vikosi vya nchi kavu vilipata taabu kuzungumza na meli zao wenyewe kwa sababu redio zao hazikulingana.

Nilipokuwa kijana kambini, tulifundishwa kwamba ujumbe haujafika mpaka aliyeupokea auseme tena neno kwa neno na wewe umsikie. Usiku mmoja mwenzangu alichoka, akaruka hatua hiyo. Gari la maji likaenda kwenye kituo chenye jina linalofanana na kile kilichoomba, na watu wakakaa na kiu mpaka jioni ya pili. Hawakufa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile simdharau mtu anayesema kazi yake ni kuangalia mitambo isizime.

Kuna jambo jingine kuhusu shirika la mwanao linalokuhusu hata wewe unaposoma hapa. Mwaka 1975 shirika hilo lilikabidhiwa uendeshaji wa ARPANET, mtandao wa majaribio ambao intaneti ilitokana nao. Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta zote za mtandao ule zilitakiwa kuhamia kwenye lugha moja ya kuongea, inayoitwa TCP/IP, na mwaka huohuo sehemu ya jeshi ikatengwa na kuwa mtandao wake peke yake. Lugha ile ndiyo simu yako inayoitumia ukifungua picha za wajukuu. Na mpaka leo DISA inaendesha moja ya seva 13 za mzizi, zile zenye herufi A hadi M, ambazo kompyuta huzitegemea kutafuta anwani za tovuti. Yake ni herufi G.

Sasa twende ndani ya ofisi, ili uelewe kwa nini simu haiingii.

Jeshi la Marekani lina mtandao wa kazi za kawaida na mtandao wa siri, na miwili hii haigusani. Mtu wa kazi kama ya mwanao anaweza kuwa na kompyuta mbili kwenye meza moja, kila moja na waya wake na kadi yake, na ni kosa kubwa kuhamisha kitu kutoka hii kwenda hii kwa mkono. Mwaka 2008 mtu mmoja katika kambi ya Mashariki ya Kati alichomeka flashi yenye kirusi kwenye kompyuta ya jeshi. Kirusi kikasambaa mpaka kwenye mtandao wa siri, na kukisafisha kulichukua muda mrefu. Flashi zikapigwa marufuku jeshi zima. Miaka miwili baadaye askari mmoja aliyekuwa Iraki, Chelsea Manning, alitoa nyaraka nyingi za siri kwa kuzinakili kwenye CD, zikiwemo barua za balozi mbalimbali za Marekani, Nairobi ikiwa mojawapo.

Baada ya hapo utaelewa. Simu yako ya mkononi ina kamera, kinasa sauti, kumbukumbu na redio tatu au nne ndani yake. Kuingia nayo kwenye chumba kama kile ni kuingia na flashi inayotembea. Kwa hiyo nje ya mlango huwekwa vikabati vidogo vyenye kufuli, kama vile vya wanafunzi, kila mtu anaacha simu yake humo, anaingia, na kuikuta akitoka. Wewe unapiga simu na inaita mpaka inakata kwa sababu iko kabatini peke yake. Mwanao wala hajui kama umepiga.

Na lile swali la majina na tarehe za kuzaliwa? Hilo nalo lisikusumbue. Yeyote anayetaka kibali cha kuingia kwenye mifumo ya siri ya Marekani hujaza fomu ndefu sana kuhusu maisha yake: alikoishi, madeni yake, safari zake, wazazi, ndugu, na watu wa nje ya nchi alio nao karibu, kazi zao, na kama wana uhusiano na serikali yoyote. Kuwa na baba mwalimu wa serikali au mdogo aliye halmashauri hakumharibii. Kinachomharibia mtu ni kuficha. Kijana aliyekuuliza vizuri na kuandika kweli amefanya lililo sawa, na usimfundishe kupunguza jina la mtu yeyote.

Hata hivyo nikueleze na upande wa pili, maana umeuliza kwa unyofu. Taarifa za fomu hizo ziliwahi kuibwa. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wezi wa mtandao walichukua rekodi za uchunguzi wa watu milioni 21.5 kutoka ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani, na baada ya hapo DISA ndiyo iliyopewa kazi ya kujenga mfumo mpya wa kuzitunza. DISA yenyewe nayo haikusalimika: mwanzoni mwa 2020 iliwaandikia watu barua kwamba taarifa zao binafsi huenda zilivuja kati ya Mei na Julai 2019. Kwa hiyo majina yenu yamo kwenye jalada la serikali ya kigeni, na jalada hilo, kama majalada yote, linaweza kuibwa. Sioni kwamba hilo linaihatarisha familia ya kawaida ya Tanga, lakini ni haki yako kulijua.

Je, wanakusikiliza? Nitakujibu kwa vipande, kwa sababu "hapana" tupu haitakuwa kweli kamili.

Mwanao hakusikilizi. Kazi yake haimpi nafasi hiyo, na akijaribu kuchungulia asiyoruhusiwa atapoteza kibali, pengine na uhuru wake. Shirika lake hufuatilia kwa karibu sana mtandao wake wenyewe. Kila anayewasha kompyuta ya jeshi husoma kwanza tangazo kwamba anayofanya humo yanaweza kufuatiliwa. Hivyo ukimwandikia kwenye barua pepe yake ya kazi kuhusu ugonjwa wa baba yake au ugomvi wa shamba, jua hiyo si barua ya faragha. Mwandikie kwenye simu yake binafsi. Ama wale majirani zake wa NSA, sheria ya Marekani inawaruhusu kulenga wageni walio nje ya nchi kwa shughuli za ujasusi. Wanalenga watu wanaowatafuta kwa sababu fulani. Mama anayeuliza mtoto kama amekula hayumo. WhatsApp mnayotumia hufungwa kwa fumbo kutoka simu yako hadi simu yake tangu 2016.

Mimi ningehofia zaidi mdomo na kidole. Julai 2023 iliripotiwa kwamba kwa miaka mingi barua pepe nyingi zilizokusudiwa anwani za jeshi la Marekani, zinazoishia na .mil, zilikuwa zikienda kwenye .ml, ambayo ni anwani ya nchi ya Mali, kwa sababu tu mwandishi alisahau herufi moja. Mholanzi aliyekuwa akiendesha anwani hizo za Mali alikusanya zaidi ya barua 100,000 katika miezi michache, nyingine zikiwa na rekodi za hospitali na ratiba za safari za maofisa. Hapakuwa na mdukuzi. Ni herufi i moja. Sasa fikiria barazani: mama mmoja anataja mwanawe yuko jengo gani, anaingia zamu ipi, anasafiri lini. Mwanao akikujibu kwa kifupi anakulinda wewe na yeye. Picha yake akiwa na sare usiitume kwenye makundi ya WhatsApp, na akikueleza tarehe ya safari ya kikazi, ibaki kwako.

Kuhusu vita, siwezi kukuahidi. Ni askari, na askari huhamishwa. Lakini kazi za DISA kwa sehemu kubwa ziko kwenye vyumba vyenye kiyoyozi: Fort Meade penyewe, Scott Air Force Base kule Illinois, Hawaii, Stuttgart Ujerumani ambako pia ndiko makao ya kamandi yao ya Afrika, na Bahrain. Kuna kambi ya Marekani Djibouti, Camp Lemonnier, na mafundi wa mawasiliano hupelekwa huko. Unakumbuka shambulio la Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, lililoua Wamarekani watatu. Si kila kituo kidogo kina usalama wa makao makuu. Na baada ya muda wake wa kukaa DISA anaweza kurudishwa kwenye kikosi cha kawaida. Hilo ndilo swali la kumuuliza, na anaruhusiwa kulijibu kwa jumla: "Baada ya hapa unatarajia kwenda kikosi cha aina gani?"

Kazi yenyewe ina uzito gani? Unakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipozorota Tanzania, Kenya na kwingineko baada ya mikongo ya EASSy na Seacom kukatika baharini? Watu walikaa na bando lisilofungua hata picha. Kwa mafundi wa jeshi hiyo ni hali ambayo hairuhusiwi kutokea. Kila njia lazima iwe na njia ya pili, na ya pili iwe na ya tatu: mkongo ukikatika, mawasiliano yahamie kwenye mkongo mwingine uliopita bahari nyingine, na huo ukizidiwa, setilaiti. Nyingi ya njia hizo ni za kukodi kutoka kampuni za kiraia. Mtu wa zamu hukaa mbele ya ramani ya laini, moja inageuka nyekundu, na saa inaanza kuhesabu: nani ameathirika, kamanda yupi hana simu, hospitali ipi haifungui rekodi, njia mbadala imeshika au haijashika. Zaidi ya hapo kuna kujilinda. Tangu 2015 mkuu wa DISA amekuwa pia na kofia ya kuongoza ulinzi wa mitandao ya wizara nzima. Shirika hutoa miongozo ya jinsi ya kufunga kila aina ya kompyuta, rauta na programu, na mingi iko wazi. Fundi wa benki pale Dar es Salaam anaweza kuipakua bure akajifunza. Mimi mwenyewe nimeifundishia.

Sasa, aache mkataba ukiisha? Ningekuwa mjomba wake nisingemwambia aache, wala nisingemwambia abaki. Ningemwuliza amepata nini mkononi. Akiwa na vyeti vya usalama wa mitandao ambavyo jeshi hulipia, kibali kilicho hai na miaka kadhaa ya zamu, waajiri wa kiraia wanaofanya kazi na wizara ile watamgombania, maana kibali huchukua muda na gharama kukipata. Hiyo ni nguvu kubwa ya kujadiliana mshahara. Upande wa pili wa mizani ni zamu za usiku, siri zinazomfanya mtu apungukiwe marafiki, na kibali kinachomfuata: akitaka kuja nyumbani lazima atoe taarifa ya safari kabla, akioa mgeni lazima atoe taarifa. Wapo wanaoweza kuishi hivyo maisha yao yote, na wapo wanaonyauka. Wewe ndiye uliyemlea. Utajua kwa sauti yake.

Liko jambo linalohitaji mwanasheria wa ana kwa ana. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo alipochukua uraia wa Marekani hali yake kisheria ilibadilika. Kama kuna shamba au nyumba ya ukoo mnayotarajia kuandika jina lake, msiende kwa dalali. Muone wakili hapo Tanga kabla hamjasaini lolote. Yeye kule ana ofisi ya msaada wa kisheria kambini, na ushauri wake kwa askari ni bure.

Akitokea mtu, awe Mzungu, Mswahili au sauti nzuri kwenye Facebook, akataka kujua mwanao anafanya kazi gani au anaomba namba yake "kwa ajili ya mradi", usijibu na usibishane. Hifadhi ujumbe, mwambie mwanao, naye atautolea taarifa kwa ofisa usalama wake. Akitokea mwingine anayedai ni kamanda wake na unatakiwa kutuma hela ili apewe likizo, huyo ni tapeli. Jeshi la Marekani haliuzi likizo. Na ukisikia sauti ya mwanao imebadilika, halali, hataki kuongea hata siku ya mapumziko, mwombe amuone mshauri au imamu wa jeshi. Wapo, na mazungumzo na kiongozi wa dini jeshini hulindwa yasitoke nje. Usisubiri akuambie mwenyewe.

La mwisho ni la kufanya wiki hii. Mwambie akutumie jina lake kamili kama lilivyo jeshini, cheo, tarehe ya kuzaliwa na jina la kikosi chake, uyaandike kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi zako za hospitali. Ukitokea msiba au ugonjwa mzito nyumbani, Msalaba Mwekundu wa Marekani hupokea taarifa kama hizo, huzithibitisha kwa daktari, kisha huzifikisha kwa kamanda wake hata kama simu iko kabatini. Na kwa siku za kawaida, msitegemee mchana wa kwake. Katika miezi ya joto Maryland iko nyuma yetu kwa saa saba. Ukipiga saa sita na nusu mchana ya Tanga, kwake ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, anajiandaa kwenda kazini na simu bado iko mkononi. Kuanzia Novemba hadi Machi saa zao hurudi nyuma kwa saa moja, basi piga saa saba na nusu.